Dakika Hamsini na Tano za Mwenyekiti

Mwenyekiti alikuwa amebakiwa na hotuba moja, na hakutaka kuiharibu. Mwezi uliofuata angekabidhi kiti baada ya miaka kumi na minne, akabidhi na mhuri na funguo za ofisi, halafu arudi kuwa mzee wa kawaida anayesomea gazeti barazani. Kwa hiyo hotuba ile aliiandika kwa miezi mitatu. Ilitoka kurasa kumi zilizojaa, pamoja na kiambatisho cha ukurasa mmoja, na ukiisoma bila kukohoa wala kunywa maji ilikwenda dakika hamsini na tano. Alijua hivyo kwa sababu aliipimia jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mkewe akimenya viazi huku amempa mgongo.

Dakika tisa za mwanzo zilikuwa salamu. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusema "itifaki imezingatiwa" halafu akapita zake. Hilo aliliona ni uvivu, tena uvivu wa watu waliosoma. Yeye alimtaja kila mgeni kwa cheo chake, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na akifika chini alirudi tena juu kuwaomba radhi aliowasahau.

"Baba Watoto," mkewe alimwambia siku ya tatu ya mazoezi, "mganga mkuu umeshamsalimu."

"Ile ilikuwa salamu ya cheo. Hii ni yake mwenyewe, kama jirani."

"Huyo mganga ana majirani wangapi?"

"Wewe menya viazi."

Akamenya. Ndoa yao ilikuwa ya miaka thelathini na nane, na haikufika huko kwa kubishana kila kitu.

Chama alichokiongoza kilikuwa kidogo, chenye vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na kilikuwa na kazi moja tu: kuchangisha fedha za kuwanunulia watu mashine za masikio. Ni zile ndogo zinazokaa nyuma ya sikio, ambazo mtu akishapachikwa hugeuka kuitazama saa ya ukutani, kwa sababu hakujua kama ina mlio. Watu kumi na wanne walikuwa kwenye orodha ya kungoja. Kabatini kulikuwa na mashine moja. Wachangiaji wa zamani walikuwa wamezeeka au wamehama au wamechoka, na barua za kuomba msaada alizoziandika Mwenyekiti, kurasa nne kila moja, zilikuwa hazijibiwi tena.

Ndipo mpwa wake alipoingia. Alikuwa binti wa dada yake, mtengenezaji wa programu za simu, anayekula amesimama na kumaliza sentensi za watu wazima kabla hawajafika katikati.

"Mjomba, barua hazisomwi siku hizi. Watu wako kwenye simu. Tuwafuate huko huko, tena tuwape kitu cha kushindania."

Akatengeneza ukurasa wa michango. Kila aliyechanga alipata nyota, nyota kumi zikampa medali, na mwenye medali nyingi mwisho wa mwezi akawa Balozi, picha yake juu kabisa. Watu walishindana kweli. Mwezi wa kwanza Balozi akawa Mhazini wa chama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye aligundua kwamba programu inahesabu umechanga mara ngapi, haiangalii umechanga nini. Alichanga mara mia moja na kumi na mbili, kila mara kiasi kisichonunua hata kiberiti. Makato ya kutuma yalikuwa makubwa kuliko mchango wenyewe. Picha yake ilikaa pale mwezi mzima, amevaa tai, anatabasamu, haya hana.

"Sheria ilisema nyota," alijitetea. "Mimi nilitafuta nyota."

Mpwa akarekebisha programu. Wakajaribu vikombe vyenye nembo ya sikio, lakini mchoraji alikosea kidogo, sikio likaonekana kama harage, na watu wakauliza chama cha wakulima kiko wapi. Wakajaribu vyeti. Vyeti vilipokelewa kwa shukrani, kisha kimya.

"Tunakosea njia," mpwa alisema kwenye kikao cha kamati. "Tunawapa watu vitu tunavyovitaka sisi. Tuwaulize wao wanataka nini."

Akatuma swali kwenye kundi la chama la kwenye simu: *Ni kitu gani kitakufanya uchangie zaidi?* Majibu ya kuchagua yalikuwa jina lako ukutani, kikombe kipya, cheti, picha ya pamoja na Mwenyekiti, na mwisho kabisa, "kingine, andika." Hiyo ya picha aliiongeza Mwenyekiti mwenyewe, na siku tatu baadaye ilikuwa na kura moja, ambayo hatutaulizana ilitoka wapi.

Kikao kilichofuata, mpwa alikuja na majibu kwenye simu yake, akawa hayasomi. Mhazini alianza kuchunguza dari.

"Soma basi," alisema Mwenyekiti. "Dari hiyo naijua, haina jipya."

"Mjomba, wengi wamechagua 'kingine.'"

"Vizuri. Wana mawazo. Wanasemaje?"

Mpwa akasoma. "Wa kwanza ameandika, 'Hotuba iwe fupi.' Wa pili, 'Hotuba fupi tafadhali, kwa heshima zote.' Wa tatu, 'Nitatoa mara mbili kama Mwenyekiti atasema nusu.' Wa nne ameweka picha ya mtu aliyelala."

"Wako wangapi?"

"Sitini na mmoja."

Feni ilizunguka. Chini, dukani, mtu alikuwa akilipigapiga godoro kupima ugumu wake. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na sitini na mmoja walikuwa bado sitini na mmoja.

Lazima isemwe ukweli: iliuma. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa hana fedha, hana sura, hata kwamba hajui kucheza muziki. Lakini Mwenyekiti alikuwa amejenga heshima yake yote juu ya kipaza sauti. Alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini, na darasani hakuwahi kuambiwa afupishe, ingawa ni kweli kwamba wanafunzi hawakuwa na mahali pa kuandika "kingine."

"Hao ni wakorofi," alisema hatimaye. "Wanaandika kwa kuwa wamejificha. Ukiwatoa hadharani, hakuna atakayechanga hata senti ili mimi ninyamaze."

Mpwa akainua kichwa. Mpwa yule alikuwa na macho ya mama yake anapoona nyanya zimeshuka bei.

"Tujaribu?" aliuliza.

"Tujaribu nini?"

"Siku ya mkutano mkuu. Tuweke saa ukutani, kubwa, dakika zako hamsini na tano. Kila mchango mmoja unapunguza dakika moja. Michango kumi inanunua mashine moja. Wasipotoa, unahutubia mpaka mwisho na wote wanakaa."

Mhazini aliiacha dari. "Mwenyekiti, mimi siungi mkono wala sipingi," alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

"Wekeni," alisema Mwenyekiti, akagonga meza. "Wekeni hiyo saa, tena iwe kubwa. Nataka kila mtu aione inavyokataa kusogea."

Ujasiri huo ulikuwa na chanzo chake, na chanzo chake kilikuwa Bibi Cherehani. Huyu alikuwa mshonaji wa nyuma ya kituo cha afya, mama mtu mzima aliyekuja kila mkutano akakaa safu ya mbele, kiti cha katikati. Wengine walisinzia, walitazama simu, walitoka "kupokea simu" na kurudi wakati wa soda. Bibi Cherehani alikaa wima, macho hayabanduki usoni pa Mwenyekiti, akitikisa kichwa taratibu panapostahili. Mwaka mmoja, kwenye kipengele cha bajeti, alitoa leso akafuta machozi. Ya bajeti! Tangu siku hiyo Mwenyekiti alikuwa akiandika hotuba zake kwa ajili ya yule mama. Hawakuwahi kuzungumza sana. Kila mkutano ukiisha, mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu, akaenda zake, na Mwenyekiti akaishi na tabasamu lile mwaka mzima.

Siku ya mkutano ilifika. Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, feni mbili, moja inafanya kazi na nyingine inaitazama. Ukutani, juu ya ubao wa zamani, projekta ilimulika saa kubwa nyekundu: 55. Chini yake palikuwa na mstari ambapo ujumbe wa wachangiaji ungepita. Mwenyekiti alikaa jukwaani na kurasa zake magotini, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Bibi Cherehani alikuwa kitini pake, safu ya mbele katikati, na pembeni yake alikaa mtaalamu wa masikio wa chama. Leo mama alikuwa amejifunga kilemba kipya, na kila mara aligusagusa upande wa kushoto. Mwenyekiti akampungia mkono kidogo. Mama akampungia pia.

Mhazini ndiye aliyekuwa mshereheshaji. "Ndugu zangu, utaratibu ni rahisi. Mchango mmoja kamili, dakika moja inaondoka. Ukurasa umefunguliwa sasa hivi. Na safari hii visenti haviingii, nilishajaribu."

Watu wakacheka. Saa ikabaki 55. Mwenyekiti akavuta pumzi, akatabasamu, akaanza kuinuka.

*Tii,* ikalia saa. 54.

Akakaa. Chini ya tarakimu ujumbe ukapita, kutoka kwa mtu aliyejiita Jirani Mwema: *Nampenda sana Mwenyekiti ila nina basi la saa kumi.*

*Tii.* 53. Kutoka kwa Msikilizaji Mchovu: *Salamu tu naomba zipungue.*

*Tii, tii, tii.* 50. Ukumbi ulikuwa umeinamia simu zake kama darasa lenye mtihani. Watu ambao kwa miaka kumi na minne walisema hali ni ngumu, mambo si mazuri, mwezi ujao Mungu akipenda, walikuwa wanabonyeza kwa vidole viwili. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hajawahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu ya chama, alisikika akimuuliza mwenzake kwa wasiwasi, "Wewe yako imepita? Mbona yangu inazunguka?"

44. 39. Mwenyekiti aliishika hotuba kwa mikono miwili. Zilikuwa zimekwisha kwenda salamu zote, na historia ya chama tangu kuanzishwa kwake. Ujumbe ukapita kutoka kwa mtu aliyejiita Mpishi: *Nimeshaisikia jikoni mara nne.*

Mwenyekiti aligeuka polepole kuitazama safu ya tatu. Mkewe alikuwa akiangalia feni ile mbovu kwa makini sana.

31. 22. 15. Kila ilipoondoka dakika yeye alijua hasa kilichoondoka. Hapo ndipo palipokuwa na changamoto. Hapo palikuwa na mikakati. Hapo, ilipofika 8, palikuwa na aya aliyoiandika akiwa peke yake, saa kumi na moja alfajiri, ya kuwaaga. Aliipenda aya ile. Ikaenda kwa *tii* tatu.

Sifuri.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na saa ikaendelea. Mpwa hakuwa ameiwekea kikomo. Ikasoma -1, -2, -5, ikafika -12, na mtu mmoja akapiga kelele, "Hiyo ni ya mwenyekiti ajaye! Tunalipa kabisa!" Vicheko vikajaa mpaka dirishani. Mhazini, ambaye alikuwa akicheka na kuhesabu kwa pamoja, alitangaza kwamba kwa dakika kumi tu zimepatikana mashine sita na ziada, jambo ambalo chama hakijawahi kuliona kwa mwaka mzima.

Mwenyekiti alicheka pia, kwa kuwa mtu mzima akichekwa hadharani hana namna nyingine. Mashine sita ni mashine sita, alijiambia, watu sita watasikia, nawe ulikuwa unataka nini kingine? Alitaka kusikilizwa, basi. Alizikunja kurasa zake mara mbili, akazitia mfukoni, akaanza kushuka jukwaani ngazi moja moja.

"MBONA ANASHUKA?"

Sauti ilikuwa kubwa mno, kubwa kuliko kipaza sauti. Ilitoka safu ya mbele. Bibi Cherehani alikuwa amesimama.

"MBONA ANASHUKA? HAJASEMA KITU!"

Mtaalamu wa masikio alimgusa mkono. "Bibi, taratibu. Huna haja ya kupaza sauti, sasa unasikia."

"Ah. Samahani." Akashusha sauti hadi kiwango cha kawaida cha kugombana. "Nauliza, mbona anashuka?"

"Watu wamechanga ili asihutubie," Mhazini alimweleza kwa adabu. "Ni utaratibu mpya."

Mama aliutazama ukumbi mzima, safu kwa safu, akafunua upande wa kilemba. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na mashine ndogo, mpya, bado ina karatasi ya nailoni pembeni.

"Mimi nimewekewa hii leo asubuhi," alisema. "Miaka minane nakuja hapa, namtazama huyu baba mdomo unacheza, mikono inakwenda huku na huku, sisikii hata neno moja. Nikasema siku nikipata mashine, kitu cha kwanza nataka nijue anasemaga nini. Leo nimepata. Ndiyo mnamlipia anyamaze?"

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho hakijawahi kusikika kwenye shule ile. Mwenyekiti alibaki kwenye ngazi ya pili, mguu mmoja juu, mmoja chini. Miaka minane! Msikilizaji wake mmoja, nguzo yake, yule aliyeandikiwa hotuba zote, alikuwa hasikii. Na yeye, mwenyekiti wa chama cha masikio, hakuwahi kugundua.

"Na yale machozi?" aliuliza, hakuweza kujizuia. "Mwaka ule, kwenye bajeti?"

Mama akafikiri. "Ah, lile lilikuwa jino."

Hapo Mwenyekiti alicheka kweli. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtikisa suti, mpaka akashika ukingo wa jukwaa. Bibi Cherehani akawa ameshatoa simu yake na kumnyooshea mpwa. "Binti, nionyeshe pa kubonyeza. Nataka nimrudishie dakika tano."

"Bibi, programu haina kurudisha. Inapunguza tu."

"Basi aliyeitengeneza ana kasoro."

"Ni mimi, Bibi."

"Ndiyo nakwambia rekebisha."

Mpwa alirekebisha palepale, amesimama, kama anavyokula. Saa ikafutika, ikaandika 5. Mwenyekiti akarudi jukwaani na kuzikunjua kurasa. Dakika tano. Salamu peke yake tisa. Hata angeanzia katikati ya vyeo asingemfikia mganga mkuu hata mara ya kwanza. Alipekua ukurasa wa tatu, wa sita, wa kumi, na kila aya aliyoitazama aliiona ndefu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akafika mwisho, kwenye kiambatisho.

Kiambatisho kile aliandikiwa kila mwaka na mtaalamu wa masikio, naye kila mwaka alikibana mwishoni bila kukisoma. Walikuwa hawajawahi kufika huko. Ukurasa wa tisa viti huanza kukwaruza sakafu, yeye husema "mengine mtayasoma kwenye makabrasha," na makabrasha hubaki vitini. Kiambatisho kilikuwa orodha ya wanaongoja.

"Mabibi na mabwana," alisema Mwenyekiti. Kisha hakutaja cheo cha mtu yeyote. Mganga mkuu, ambaye alikuwa ameshaanza kuinuka nusu kama ada, akakaa. Mhazini akaitazama saa akidhani imeharibika.

"Wa kwanza. Fundi cherehani, nyuma ya kituo cha afya. Amengoja miaka minane. Zamu yake imefika mara tatu, na mara tatu amempa mtoto nafasi hiyo." Aliitazama safu ya mbele, na mama, aliyekuwa amesikia kila neno, aliinamisha kichwa akajifanya anaweka kilemba sawa. Mwenyekiti akakohoa. "Huyu amepata leo."

"Wa pili. Mwanafunzi wa darasa la nne. Anakaa dawati la nyuma kwa sababu dawati la mbele amepewa mwenye miwani.

"Wa tatu. Mlinzi wa ghala. Hajamwambia tajiri wake kwamba hasikii.

"Wa nne. Muuza mboga. Anakisia wateja wanachotaka. Wakitaka vitunguu anawapa nyanya, wanadhani ana kiburi."

*Tii.* Saa ikasoma 4.

Mwenyekiti akageuka kuitazama. Hata tano wameona nyingi. Akaongeza kasi, kama mtu anayekusanya nguo kamba ikishaanza kunyeshewa. "Wa tano, mapacha, mmoja anasikia, mwenzake hasikii. Anayesikia humsimulia mwenzake kila kitu jioni, lakini mwaka huu amepata shule ya mbali."

*Tii. Tii. Tii, tii.* Sifuri. Mwenyekiti akafunga mdomo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Akaanza kukunja karatasi. Ndipo ujumbe ukapita chini ya sifuri, kutoka kwa Msikilizaji Mchovu: *Wa sita nani?*

Mwingine ukafuata, wa Jirani Mwema: *Basi limeshaondoka. Endelea.*

Na mwingine, kutoka kwa Mpishi: *Hii sijaisikia. Endelea, Baba Watoto.*

Aliitazama safu ya tatu. Mkewe hakuwa akiangalia feni tena. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaikunjua karatasi.

"Wa sita," alisema. "Mwimbaji wa kwaya. Bado anaimba. Wenzake wanamgusa bega ajue pa kuanzia."

Alisoma orodha yote, mtu kwa mtu, na saa nyuma yake ikawa inalia na kushuka chini ya sifuri, na hakuna aliyeitazama ila Mhazini. Hakuna aliyetoka kupokea simu. Alipomaliza wa kumi na nne, michango, pamoja na ile ya kwanza, ilikuwa imepita kiwango cha mashine kumi na tatu, moja kwa kila aliyebaki, na Mwenyekiti alisimama pale akitafuta la kufungia. Alikuwa na aya nzima ya kufungia, nzuri, ya alfajiri.

"Ni hayo tu," alisema, akashuka.

Makofi yalichukua muda mrefu kuliko hotuba. Watu walimshika mikono, mganga mkuu akamkumbatia kama jirani, mpwa akamwambia, "Mjomba, umeua," akakimbilia kompyuta yake kuhifadhi takwimu. Mwenyekiti alipita katikati yao wote mpaka safu ya mbele. Alitaka kumwomba mama radhi, na alikuwa ameshapanga maneno, tena mengi.

Bibi Cherehani alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama kila mwaka.

"Hotuba nzuri, baba," alisema. "Fupi."

"Nashukuru, Bibi. Kwa kweli zile za nyuma nasikitika hukuzisikia."

Mama alitabasamu lile tabasamu lake, akampigapiga mkono.

"Usijali," alisema. "Zile hata bila kusikia niliona ni ndefu."